Venye r mbili za Kihispania zilinifanya jajuok wa Manyatta

Kwanza mjue mimi si Mjaluo, mimi ni Maragoli wa Vihiga, nakaa tu Kisumu juu ya kazi, na hiyo ni muhimu kwa hii stori juu ingetokea kwetu Mbale ningekua na ndugu wa kunitetea. Huku Manyatta nilikua na rumeti peke yake, na rumeti mwenyewe mtaona venye alifanya.

Mambo ya Kihispania ililetwa na binamu yangu wa Nairobi. Aliniambia kuna kazi za kupokea simu onlaini, ukijua Kizungu unalipwa, ukijua Kizungu na Kihispania unalipwa vizuri zaidi, ati hiyo lugha inatumika kwa nchi kama 20, watu zaidi ya milioni 400 wamezaliwa nayo, hata hapa Afrika wenzetu wa Guinea ya Ikweta ndiyo lugha ya serikali. Mimi nikapiga hesabu zangu. Kwa watu milioni 400 hakosi mmoja simu yake imeharibika na anatafuta wa kumlalamikia.

Nikadanlodi apu, nikanunua daftari, nikaanza. Na mwanzo wa hiyo lugha ni mtamu bana, tusidanganyane. Vokali ni tano, a e i o u, zile zile zetu, zinasomwa venye zimeandikwa. Ile ñ ya kuvaa kofia ambayo Mzungu anaihangaikia mpaka jasho, ni ny tu, nyama, nyanya, nyumba. B na v kwao ni sauti moja, kwa hivyo ule ubishi wetu wa Waluhya, sisi Maragoli tunasema avandu wenzetu wanasema abandu, Mhispania hata hawezi kuelewa tunagombania nini. Halafu sauti ya sh kwa Kihispania cha kawaida hakuna. Rumeti wangu Ochi, mtu wa Seme, kusikia hivyo alikaa kitandani akasema basi hiyo lugha ilitungwa na Wajaluo, na hiyo siku alijifunza maneno mengi kunishinda, halafu akachoka akaacha.

Nikaambiwa pia vitu zina jinsia, mesa ni ya kike, libro ni ya kiume. Nilicheka. Mtu amechapwa na M-WA, KI-VI, LI-YA na U-ZI tangu primari, sasa utamtisha na mbili? Japo wana ujanja wao, mano ambayo ni mkono inaisha na o lakini ni ya kike, na problema inaisha na a lakini ni ya kiume. Hiyo ya problema kua mwanaume, Mama Ploti, mama mwenye ploti tunakaa, alikuja kuikubali kwa moyo wote baadaye.

Shida ilikua r. Si r moja, hiyo tunayo. Ni ile ya r mbili, ambayo ulimi lazima utetemeke. Pero ni lakini, perro ni mbwa. Caro ni ghali, carro ni gari, angalau huko Amerika ya Kusini, juu Uhispania kwenyewe gari ni coche. Usipoitetemesha, umesema una lakini anabweka. Wanakwambia weka ncha ya ulimi nyuma ya meno ya juu, ulegeze, halafu upulize hewa. Mimi nikipuliza ilikua inatoka mate, na sauti kama boda boda ya asubuhi imekataa kuwaka. Ochi anauza kava za simu Kondele, anaamka mapema, na mimi bando nilikua nanunua ya usiku juu ndiyo ya bei ya chini, kwa hivyo masomo yangu yalikua yanaanza wakati yeye anaota. Alivumilia, alivumilia, siku moja slipa ikanipata kwa sikio. Akasema, "Omera, toka nje na hiyo pikipiki yako."

Nikahamia nyuma ya ploti, kati ya tangi na choo, na kumbe huko hata netiweki ni safi. Sasa wenye mnajua Kisumu mnajua joto, shati usiku ni adhabu, nilikua natoka na kaptura tu. Na mbu wa huko, ukisimama mahali moja unaisha, kwa hivyo lazima utembee. Kila kitu hapo kina sababu yake. Ukiniuliza mmoja mmoja ninakuelezea vizuri na unaelewa. Shida ni ukiviangalia kwa pamoja, yaani saa nane usiku, mwanaume kifua wazi anazunguka nyumba za watu akisema rrrrr.

Kwa wenye hawajui, jajuok ni mkimbiaji wa usiku. Haibi kitu, haui mtu, anataka tu usilale. Anatoka uchi ama nusu uchi, anazunguka boma, anarusha mchanga kwa mabati, anasugua mlango wako na makalio, anatoa sauti za wanyama, na wazee wanasema hua anafuga wanyama pia, paka, chui, wengine mpaka kiboko. Kwetu Vihiga wako. Nyanza wako. Asubuhi utamkuta amevaa tai anaenda ofisini.

Hiyo siku stima ilikua imepotea Manyatta yote, giza unaweza kata na panga. Niko na iafoni kwa masikio, simu nimeiweka chini ya kidevu inanimulika, daftari kwapani. Nilikua kwa kitenzi cha correr, juu kina zile r mbili katikati na nilikua nataka kuimaliza hiyo kitu mara moja. Corro, corres, corre, corremos, corréis, corren. Maana yake kukimbia. Kihispania kina vitenzi maelfu, apu ikanichagulia hicho.

Halafu nikaingia kwa ule msemo wao wa kuzoesha ulimi, watoto wao wanaufundishwa wakiwa wadogo, erre con erre guitarra, erre con erre barril. Na hapo, sijui ni hewa ya ziwa, sijui ni nini, ulimi ukaachilia. Rrrrrrrrr! Safi kabisa. Ilitetemeka mpaka pua ikawasha. Jameni nilisikia raha, nikapiga nduru, "RRRRÁPIDO CORREN LOS CARROS!" nikaruka juu, kushuka mguu ukapata karai ya fundi aliyekua anajenga choo kipya, karai ikaruka na mchanga wake wote, mchanga ukashukia mabati ya watu, shwaaaa.

Mbwa wote wa Manyatta wakajibu kwa pamoja.

Mimi na iafoni sikusikia uwi iliyopigwa. Nilishtuka tu nimezungukwa na tochi. Mama Ploti mbele na leso na mwiko wa ugali, ule mkubwa wa matanga, nyuma yake wanaume na rungu, mmoja amevaa koti ya suti na taulo. Nikaangalia dirisha yetu. Ochi alikua amechungulia. Tukaangaliana macho kwa macho, halafu akafunga pazia polepole.

"Wuoda," Mama Ploti akasema, na sauti yake ilikua ya upole, hiyo ndiyo ilinitisha. "Ni wewe?"

"Mama, najifunza Kihispania."

"Ki nini?"

"Kihispania. Ile ya Meksiko, ile ya soap za saa moja."

Hapo ndiyo nilijimaliza. Huyo mama soap za Meksiko hajawahi kukosa, yeye anajua nani alimwibia nani mtoto na nani alirudi na sura mpya. Lakini hizo zote huku zinakuja zimewekewa sauti za Kizungu. Akageukia watu akasema kwa uchungu, "Mimi nimekaa na Wameksiko miaka yote hiyo. Wanaongea Kizungu. Hakuna siku moja nimesikia Mmeksiko akitoa hiyo sauti ametoa hapa."

Jamaa wa taulo akauliza ni Mwafrika gani anaongea hiyo lugha. Nikasema haraka, Guinea ya Ikweta! Akaniuliza kama mimi ni wa huko. Nikasema hapana, mimi ni wa Vihiga. Watu wakaguna.

Daftari ikatolewa kwapani. Mama Ploti akamulika, akaanza kurudi nyuma. "Nyasaye wangu. Hata alama ya kuuliza amepindua kichwa chini." Nikamwambia mama hiyo ni yao, Akademia yao ya lugha ndiyo iliamua hivyo 1754, swali linaanza na alama iliyopinduliwa ndiyo msomaji ajue mapema. Sijui kwa nini nilidhani mwaka utasaidia. Alirudia tu, "1754," halafu mtu nyuma akasema eeh, hizi vitu ni za ukoo.

Ndipo askari wa geti akafika, mzee tunamuita Jaduong', mtu wa maneno machache. Akasema, leteni hiyo kitabu, mimi nilipikia mapadri wa Meksiko upande wa Kisii nikiwa kijana, kama ni Kihispania nitaijua. Mimi machozi yalinilenga. Mwokozi! Nikasema nisomewe yote, tena kwa sauti, niko tayari.

Jaduong' akavaa miwani, akasoma mstari wa kwanza. "Mi gato bebe leche." Kimya kidogo. "Anasema, paka yake inakunywa maziwa."

"Paka!" watu wakasema.

Wueh. Nikajaribu kueleza sina paka, ni mfano wa kitabu tu, hakuna mtu alitaka. Akaenda wa pili. "Trabajo por la noche. Anasema, yeye anafanya kazi usiku." Mama Ploti akabadilisha mkono wa kushika mwiko. Jaduong' akalamba kidole, akafungua ukurasa mwingine, akasoma moyoni, akanitazama juu ya miwani, akasoma tena.

"Ana está enferma." Akameza mate. "Anasema Ana ni mgonjwa."

Sasa kwa nyumba ya kona kuna Anna, anauza omena Kibuye, na hiyo wiki malaria ilikua imemlaza, ploti nzima inajua.

Kelele zilizotoka hapo siwezi kuandika. Mimi nikaona nikikaa kimya nimekwisha, nikatafuta kitu chochote kichwani, na kitu pekee kilikua kichwani ni sarufi. Nikapaza sauti, "Ngojeni! Hiyo ni estar! Wao wako na KUWA mbili, ser ni ya kitu ya kudumu, venye umeumbwa, na estar ni ya hali inapita! Nimeandika está, si es! Maanake atapona! Kama ningekua nimemroga ningetumia ser!"

Na wacha niwaambie, ilifanya kazi. Watu walinyamaza. Nikaona wanafikiria. Jamaa wa taulo akatingisha kichwa akasema hapo amejitetea, donge, yaani si ndiyo?

Jaduong' akavua miwani. Akaniuliza taratibu, "Na mtu akiwa amekufa, unatumia gani?"

Ndugu zangu. Amekufa ni está muerto. Kufa, kitu ya kudumu kushinda zote duniani, wao wanaiweka kwa estar. Wanafunzi dunia nzima wanalia juu ya hiyo, na mimi nikaikuta saa nane usiku mbele ya mwiko.

"...Estar," nikasema.

"Uuuuwi!"

Mlango wa kona ukafunguliwa. Anna mwenyewe, amejifunga blanketi, macho mekundu, akauliza ni nani anaitaita jina lake. Akaelezewa. Hakuonekana kushtuka sana, malaria inachosha. Akamuuliza tu Jaduong', "Kwani hiyo kitabu inasema nini ingine juu yangu?"

Jaduong' akarudi kwa ukurasa. "Ana está contenta. Inasema umefurahi."

"Nimefurahi?" Anna akasema. "Mimi? Nimemeza dawa saa tatu, usingizi imenishika sasa hivi, mnaniamsha na mbwa na tochi, nimefurahi? Sijafurahi!" Akamgeukia Mama Ploti. "Mama, hiyo kitabu ni bure. Haijui kitu." Akafunga mlango.

Hiyo ndiyo iliniokoa. Hakuna mtu aliweza kubishana nayo, uchawi gani unakosea kitu rahisi hivyo, mtu amekasirika wazi wazi nayo inasema amefurahi. Mmoja mmoja wakaanza kurudi kulala, wengine hata wakionekana wamevunjika moyo kidogo. Jamaa wa taulo alinipa mkono akaniuliza hizo kazi za simu zinalipa ngapi.

Mama Ploti alitoa masharti yake asubuhi. Nifagie mchanga wote, nilipe fundi, usiku nikitoka nivae shati, na r zote zisemwe mchana, kwa geti, mbele ya Jaduong'. Akaongeza, kama lazima lugha, si nijifunze Kifaransa, yeye amesikia hiyo ni ya kiungwana. Nikamtolea r moja ya Kifaransa, ile ya kooni. Akasema tuendelee na Kihispania.

Sasa Jaduong' ni mwalimu, analipwa chai na mandazi. Ni mkali. Ukurasa wote wa vosotros, ile "nyinyi" ya Uhispania, aliuchana siku ya kwanza, akasema amewapikia hao mapadri mpaka wakazeeka na hakuna siku alisikia mtu akisema vosotros, kwao Meksiko ni ustedes na imeisha. Ochi naye anadai alifunga pazia ndiyo aende kunitafutia shati.

Anna alipona. Akipita getini na beseni ya omena hua anasimama kidogo, anamsalimia Jaduong' kwa heshima, halafu ananigeukia, "Haya mwalimu. Leo mimi ni ser ama estar?"