Dawa ya kichocho: kichocheo cha kisasa au fuwele za kizamani?

Nusu ya kila kidonge cha prazikwanteli karibu haina kazi. Dawa hii ya kichocho huwa na maumbo mawili ya molekuli ileile, R na S, yanayotazamana kama mkono wa kulia na wa kushoto. R ndiyo inayoua minyoo. S haisaidii sana, na ndiyo chungu zaidi; mtoto wa kando ya Ziwa Victoria anayetema dawa anatema hasa uchungu wake.

Wanakemia wanaotetea vichocheo vya upande mmoja, yaani vitu vinavyoharakisha mmenyuko wa kikemia na kutoa umbo moja tu, wanauliza: kwa nini S itengenezwe kabisa? Wana hoja nzito. Katika kiwanda cha Monsanto, mwanakemia William Knowles alitumia kichocheo cha rodiamu, metali ghali, kutengeneza L-dopa, dawa ya ugonjwa wa Parkinson, na mwaka 2001 akashiriki Tuzo ya Nobeli ya Kemia na wenzake Noyori na Sharpless. Chembe moja ya kichocheo huzaa molekuli nyingi za umbo linalotakiwa. Ufundi huo umeendelea kukua: mwaka 2010 watafiti wa kampuni za Merck ya Marekani na Codexis walieleza jinsi kimeng'enya (protini inayofanya kazi ya kichocheo) walichokirekebisha kilivyochukua nafasi ya rodiamu katika kutengeneza sitagliptini, dawa ya kisukari. Taka zilipungua kwa asilimia 19, na dawa ikatoka bila metali nzito.

Ila sitagliptini ilikuwa na soko nono la kulipia utafiti huo. Kichocho ni ugonjwa wa maskini, na prazikwanteli ya kawaida ni rahisi mno kutengeneza. Kichocheo cha metali ghali, pamoja na kazi ya kuisafisha metali hiyo isibaki ndani ya dawa, kinaweza kuipandisha bei hata kama kemia yake inapendeza; ndiyo maana wapo wanaoiona R peke yake kuwa anasa.

Mwanakemia Matthew Todd, wakati huo wa Chuo Kikuu cha Sydney, alikutana na tatizo hilo. Aliendesha utafiti wake hadharani mtandaoni, akitafuta njia nafuu ya kupata R peke yake. Vichocheo vilifikiriwa. Watu wa viwandani waliofuatilia wakamshauri arudi kwenye mbinu ya zamani: changanya na asidi ya jamii ya tartariki, acha chumvi ya umbo moja igande kuwa fuwele, chuja. Mwaka 2011 njia hiyo ilichapishwa, na ilifanya kazi. Kasoro yake ni kwamba S isiporejeshwa kwenye mzunguko, nusu ya mali hupotea.

Naikubali hukumu ile ya watu wa viwandani kuhusu fuwele, lakini siikubali hoja kwamba R peke yake ni anasa. Arprazikwanteli, yaani R tupu kwa watoto wa miezi 3 hadi miaka 6, ilijaribiwa Kenya na Côte d'Ivoire, na Desemba 2023 wadhibiti wa dawa wa Ulaya wakaiunga mkono. Hawa ndio watoto walioachwa nje ya kampeni za shuleni kwa miongo. Hata hivyo, dozi haikupungua kwa nusu kama nadharia ilivyoahidi: majaribioni walipewa miligramu 50 hadi 60 kwa kila kilo ya uzito, wakati dawa ya kawaida ni 40. Faida iko kwenye ladha na kidonge kidogo kinachoyeyuka majini, wala si kwenye kupunguza kiasi cha dawa. Kwa hiyo kila senti kwenye gharama ya kilo moja ya R ina uzito, na mwanakemia anayebuni kichocheo kipya kwa ajili yake aianze kazi na bei hiyo mezani, kabla ya kujivunia usafi wa asilimia 99.