Gazeti la jioni: kilichochukuliwa na intaneti Mtwara, na kilichokosa mbebaji

Mtwara gazeti la asubuhi husomwa jioni. Huchapwa Dar es Salaam usiku, hupakiwa kwenye basi la alfajiri, hupita Kibiti, Somanga na Lindi, zaidi ya kilomita 550, na linaposhushwa stendi ya Mkanaledi habari zake zimeshapoa. Ukurasa wa mbele umezunguka kwenye magrupu ya WhatsApp tangu kabla ya chai. Redio nazo zimeshasoma vichwa vya habari, za Dar na za hapa hapa, na watangazaji wameshatoa maoni yao. Ukimuuliza muuza magazeti nani bado ananunua, atakutajia ofisi mbili tatu, walimu wastaafu, na vijana wanaobeti.

Kwa hiyo swali la kama intaneti inaliondoa gazeti la karatasi, huku kusini haliulizwi kama linavyoulizwa Dar. Kule gazeti lilikuwa na asubuhi yake, likanyang'anywa. Huku lilianza likiwa limechelewa. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa kwenye Mto Rufiji mwaka 2003, magari yalisubiri kivuko pale Ndundu, na hata baada ya daraja, kile kipande cha kilomita 60 kati ya Ndundu na Somanga kiliendelea kutesa watu kila masika kwa zaidi ya miaka kumi mpaka lami ilipokamilika. Magazeti ya siku mbili tatu yaliweza kuingia mjini kwa pamoja, na yakanunuliwa yote. Marehemu Mkapa, mwenyeji wa Lupaso kule Masasi, alikuwa mhariri kabla hajawa waziri na rais: aliongoza Uhuru na The Nationalist miaka ya 1960, kisha Daily News, kisha shirika la habari la serikali, SHIHATA, lilipoanzishwa mwaka 1976. Magazeti yetu yanavuka Rufiji juu ya jina la mhariri, jambo ambalo sidhani kama konda yeyote analiwazia.

Wanaosema karatasi imekwisha kazi wana hoja nzito, na huku kwetu hoja hiyo ni korosho. Tangu msimu wa 2024/2025 minada inaendeshwa kwa mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, na ile ya mwanzo ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Bei ya juu na ya chini zikitangazwa, ujumbe unafika Kitangari kabla watu hawajatawanyika mnadani. Mkulima wa TANECU, chama kikuu cha ushirika cha Newala na Tandahimba, anajua wenzake wa MAMCU, chama kikuu cha jirani, wameuza kwa bei gani, na kwa kuwa wakulima ndio wanaokubali au kuikataa bei, anaingia kwenye mkutano wa AMCOS yake, yaani chama cha msingi, akiwa na la kusema. Gazeti lingempa habari hiyo kesho yake jioni, korosho ikiwa imeshauzwa. Hapo huna cha kulitetea.

Hesabu ya mfukoni nayo hailisaidii. Shilingi 1,000 inayonunua nakala moja inanunua pia bando la siku, na bando hilo lina mpira, lina matokeo ya mtoto, lina sauti ya shangazi aliyeko Liwale. Isitoshe, gazeti lenyewe halikuwahi kutupenda sana. Habari za Lindi na Mtwara zilibanwa kurasa za katikati, fupi, mara nyingi kiongozi fulani ametembelea mradi fulani. Tulipanda ukurasa wa mbele mwaka 2013, wakati wa vurugu za kupinga bomba la gesi kwenda Dar, na wengi hapa waliona wameandikwa na watu waliokuwa wakiwatazama kutoka mbali. Leo redio za jamii kama Jamii FM ya Naliendele na Newala FM, pamoja na kurasa zao mtandaoni, zinazungumzia mambo ya hapa kila siku. Anayelia kwamba intaneti imeua sauti ya wananchi wa kusini anapaswa kwanza aonyeshe ilisikika wapi hapo zamani.

Hata hivyo, tukumbuke Mei 2024. Tarehe 4 kimbunga Hidaya kilipiga pwani, mvua ikakata barabara ya Dar eneo la Somanga, wilaya ya Kilwa, mabasi yakakwama pande zote mbili. Gazeti halikupita. Watu walijua kinachoendelea kwa simu, na mashabiki wa mtandao walikuwa na haki ya kutamba. Tarehe 12 mwezi huo huo nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zikapata hitilafu upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikalegea karibu Afrika Mashariki yote. Katika siku tisa tulionyeshwa udhaifu wa njia zote mbili, na iliyobaki imesimama ilikuwa redio.

Hayo ni ya maumbile na mitambo. Kuna ya binadamu. Oktoba 2024 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilisimamisha kwa siku 30 leseni za maudhui ya mtandaoni za Mwananchi Communications. Tovuti na kurasa zao zikanyamaza, lakini magazeti yao ya karatasi yakaendelea kutoka. Nakumbuka nakala ya Mwananchi iligeuka tena kuwa kitu cha kuazimana, mtu anamwambia mwenzake akimaliza asiifungie ndizi. Mwaka mmoja baadaye, siku ya uchaguzi mkuu, Oktoba 29, 2025, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Mtu aliyekuwa amehamishia habari zake zote kwenye simu alibaki ameshika tochi. Wapenzi wa karatasi nao wasishangilie mapema: magazeti ya Mseto, Mawio, MwanaHALISI na Tanzania Daima yalifungwa kwa nyakati tofauti kati ya 2016 na 2020, na yalifunguliwa Februari 2022 na waziri wa habari na mbunge wa Mtama wa wakati huo, Nape Nnauye, jirani yetu hapo Lindi. Anayetaka kufunga hakosi ufunguo. Tofauti ni kwamba vyombo vya aina mbili vinahitaji funguo mbili, na mara nyingine mmoja unasahaulika mezani.

Ninapobishana na vijana kuhusu jambo hili, hoja ninayoitumia inawahusu wazushi. Mtu akitaka uongo wake uaminiwe kwenye simu anatengeneza nini? Anatengeneza ukurasa wa mbele wa gazeti, au kadi ya habari yenye nembo ya gazeti, herufi zile zile, rangi zile zile, na kichwa cha habari alichokitunga mwenyewe. Mwananchi na wenzake wanalazimika mara kwa mara kutoa picha hiyo hiyo ikiwa imegongwa mhuri mwekundu kwamba ni feki. Kwenye magrupu ya wakulima ni vivyo hivyo: bei ya msimu uliopita hupewa tarehe mpya ikasambazwa, na ubishi hauishi mpaka mtu apige picha tangazo lililobandikwa ofisi ya AMCOS, lenye sahihi na mhuri. Yaani mtandao unaosemekana umeua karatasi bado unaazima heshima ya karatasi kila siku.

Heshima hiyo haikutoka kwenye wino. Ilitoka kwenye anuani. Gazeti lina mhariri mwenye jina, ofisi yenye mlango, na likikukashifu unajua pa kupeleka wakili. Likikosea, kosa linabaki limechapwa, na masahihisho yake pia. Habari ya mtandaoni ikileta shida hufutwa kimya kimya na hakuna anayekiri kuwa iliwahi kuwepo. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilipodai ada zilizozidi shilingi milioni 2 kwa blogu, nyingi zilizimwa, na miaka ya picha na habari za mitaa ikaenda nazo. Karatasi nayo huliwa na mchwa, najua, lakini mchwa hawaimalizi kwa usiku mmoja.

Hata hilo la kumbukumbu, kwangu, ni la pili. La kwanza ni pesa. Zamani zabuni za halmashauri, iwe Ruangwa au Nanyumbu, zilijaza kurasa za magazeti, na nafasi za kazi serikalini zilifanya watu wanunue nakala hata kama habari zenyewe hawazitaki. Tangu mwaka 2023 zabuni za umma ziko kwenye NeST, mfumo wa ununuzi wa serikali wa mtandaoni, na ajira ziko kwenye tovuti ya Ajira Portal. Kwa mkandarasi mdogo wa Masasi ni nafuu kubwa: haagizi gazeti Mtwara, haulizi nani kaliona tangazo. Ningekuwa mimi ningefanya hivyo hivyo. Lakini pesa ile ndiyo iliyokuwa ikimlipa mwandishi, na ilipohama haikumfuata kwenye mtandao.

Yaliyotokea Vienna yanafundisha kuliko nadharia nyingi. Wiener Zeitung, gazeti lililoanza mwaka 1703, liliacha kuchapwa kila siku Juni 30, 2023. Wasomaji walikuwepo. Kilichobadilika ni sheria ya Austria, ambayo iliondoa wajibu wa makampuni kutoa matangazo yao rasmi kwenye gazeti hilo la serikali. Lilimalizwa na tangazo, si na habari. Upande wa pili, Newsweek la Marekani liliacha karatasi mwishoni mwa 2012 na likarudi kuchapwa mwaka 2014, wakati The Independent la Uingereza liliacha mwaka 2016 na halijageuka nyuma. Anayesema njia ni moja hajaangalia vizuri.

Sasa mfikirie mwandishi wa mkoani. Wengi wao hawana mshahara. Wanalipwa kwa habari iliyotoka. Yuko Lindi mjini, anasikia tembo wamevamia mashamba Liwale. Kutoka Nangurukuru, njia panda ya Kilwa, hadi Liwale ni kama kilomita 230, na wenye kuijua barabara ile wakati wa mvua hawahitaji maelezo. Nauli na malazi vinaweza kuzidi malipo ya habari yenyewe. Basi anapiga simu mbili, anaandika alichoambiwa na ofisa, au anaiacha. Wenye televisheni za mtandaoni nao wako kwenye hali hiyo hiyo, pengine mbaya zaidi, ndiyo maana kamera zao utazikuta kwenye warsha yenye posho kuliko kwenye shamba lililoliwa. Usambazaji wa habari umekuwa karibu bure. Kuitafuta bado kunataka mafuta ya pikipiki. Na ukifuatilia kwa makini kinachozunguka kwenye simu, sehemu kubwa ya habari nzito imeanzia kwenye chumba cha habari cha gazeti, kisha ikanyofolewa na kupewa nembo nyingine.

Majarida ndiyo sina mengi ya kuyasemea. Fema lililokuwa likigawiwa bure kwenye shule za sekondari lilisomwa mpaka likachakaa, kwa sababu lilimfikia msomaji asiye na simu wala shilingi 1,000. Majarida ya kununua huku yalikuwa machache hata kabla ya intaneti.

Dalili nyingine iko mtaani. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, magazeti ya zamani yalikuwa mali kwa wauza vitumbua. Siku hizi vitumbua vyangu vinakuja vimefungwa kwenye kurasa za daftari, na wiki hii nimesoma nusu ya jibu la mwanafunzi kuhusu usanisinuru, alama tatu kati ya kumi. Mama anayeuza anasema magazeti hayapatikani, na yakipatikana bei imepanda. Sokoni karatasi imepata thamani kuliko kilichoandikwa juu yake.

Mteja mmoja hajahama bado. Familia ya Nachingwea ikifungua mirathi, mahakama huweza kuwaagiza watangaze kwenye gazeti ili mwenye pingamizi ajitokeze. Hati ya kiwanja ikipotea ni hivyo hivyo. Wanalipia tangazo kwenye gazeti ambalo hakuna mwanafamilia atakayelinunua, kisha wanalipiga picha na kulituma kwenye grupu la ukoo, ambako ndiko linasomwa. Nakala yenyewe inaingia kwenye jalada la kesi. Sioni sababu ya wajibu huo kutohamishiwa mtandaoni kama ulivyohamishwa ule wa zabuni, na nadhani utahamishwa. Siku hiyo gazeti litabaki na wanunuzi wanaolitaka kwa hiari yao. Huku kusini hao wapo, ila pesa yao yote ikijumlishwa haimfikishi mwandishi Liwale.