Mahandaki ya Binakayan: ushindi wa Novemba 1896 uliwafaa Wafilipino kwa kiasi gani?

Ukiwasikiliza wanaoisifu vita ya Binakayan na Dalahican, katika uasi wa Wafilipino dhidi ya utawala wa Hispania, habari inaishia tarehe 11 Novemba 1896: Wahispania wamerudi nyuma, gavana wao ameaibika, na sehemu kubwa ya mkoa wa Cavite imebaki mikononi mwa Wafilipino. Ukiwasikiliza wanaoibeza, habari inaanzia Februari 1897, Jenerali José de Lachambre anapoingia Cavite kwa upande wa bara huku mahandaki ya pwani yakiwa bado yanatazama baharini. Kila upande unaikata habari pale panapoufaa. Kinachobishaniwa hasa ni mbinu yenyewe, yaani kujichimbia na kumngoja adui: je, ndiyo iliyoyaokoa mapinduzi, au ndiyo iliyoyafunga mahali pamoja mpaka yakapigwa?

Kwanza hali ilivyokuwa. Katipunan, chama cha siri kilichoongozwa na Andrés Bonifacio, kiligunduliwa Agosti 1896 na ikabidi kianze vita kabla hakijawa tayari. Tarehe 30 Agosti watu wa Bonifacio walilishambulia ghala la baruti la San Juan del Monte, karibu na Manila. Walikuwa wengi kuliko walinzi, lakini bunduki zilikuwa chache mno. Wahispania walipoletewa askari wa ziada, Wafilipino zaidi ya 150 waliuawa. Siku iliyofuata Cavite nayo ikainuka, na huko mambo yakaenda vingine. Mwanzoni mwa Septemba Emilio Aguinaldo, kapitani wa mji wa Kawit mwenye miaka 27, alikivunja kikosi cha Jenerali Ernesto de Aguirre huko Imus. Kufikia Oktoba Wahispania walikuwa wamebakiwa na pembe tu za mkoa huo, kubwa yake ikiwa mji wa bandari wa Cavite.

Bila ramani ya mahali hapo mjadala huu haueleweki. Kusini mwa Ghuba ya Manila kuna rasi nyembamba iliyopinda kama ndoano. Nchani ndipo ulipo mji wa bandari, wenye karakana ya jeshi la majini. Shina la rasi ni Dalahican, mlango mwembamba wa ardhi unaoingia Noveleta. Mashariki yake, kwenye ufuo wa ghuba ndogo ya Bacoor, ndiko Binakayan, kijiji cha Kawit. Gavana Jenerali Ramón Blanco, akitaka kutoka bandarini kwenda Imus, alikuwa na njia mbili: apite shingo ya Dalahican au ashushe askari Binakayan. Wafilipino walilijua hilo, wakaziba njia zote mbili.

Aliyeyachora mahandaki hayo ni Edilberto Evangelista, mhandisi aliyesomea Ghent, Ubelgiji, na kurudi nyumbani Septemba ile ile vita ikiwa imekwisha kuwaka. Vifaa vyake vilikuwa udongo, mianzi na mikono ya wanavijiji. Mbele kuna ukuta mnene wa udongo ulioshikiliwa na mianzi, nyuma yake shimo la kusimama mtu. Hapa wanaoisifu mbinu hii wana hoja nzito, kwa sababu kila kasoro ya jeshi la Cavite ilipata dawa yake humo.

Chukua mizinga ya meli. Meli za kivita zilianza kupiga pwani kabla askari wa miguu hawajasogea, lakini maji ya Bacoor ni haba, kwa hiyo meli kubwa hulazimika kupigia mbali. Kombora likigonga ukuta wa mawe huurarua, na vipande vya jiwe vyenyewe vinaua. Likigonga udongo uliolowa huzama, na likipasuka hurusha tope. Aliyejificha ndani ya kanisa la mawe alikuwa hatarini kuliko aliyechutama shimoni.

Au chukua uhaba wa bunduki. Wengi wa wapiganaji walishika bolo, panga la shambani, au mkuki. Uwanjani panga halina maana mbele ya mtu mwenye bunduki ya Remington aliye mita 200. Nyuma ya ukuta hesabu hubadilika: mwenye bunduki anapiga, akianguka wa pembeni anaiokota bunduki, na wenye mapanga wanangoja chini mpaka adui aparamie ukuta. Hapo panga lina kazi. Lantaka, vile vizinga vidogo vilivyoshindiliwa vipande vya chuma, navyo vilifaa kwa karibu tu, na kwa karibu ndiko adui alikolazimishwa kuja, maana nje ya njia kulikuwa na mashamba ya mpunga na mabwawa ya chumvi, na mvua za mwaka zilikuwa ndiyo kwanza zinaisha.

Kuna jambo la tatu ambalo waandishi wengi hulipita, nami naliona kubwa kuliko yote: maganda ya risasi. Ganda la Remington ni la shaba na hujazwa upya. Huko Imus, José Ignacio Paua, fundi chuma mwenye asili ya Kichina, aliendesha karakana ya kufua vizinga, kutengeneza bunduki zilizoharibika na kujaza risasi. Baruti na kichwa cha risasi hutengenezeka kienyeji. Fataki ya kuwashia ndiyo inayosumbua, na ganda lililojazwa vibaya hupasuka ndani ya chemba au hukwama pale pale mpigaji anapolihitaji kutoka. Lakini kazi yote hiyo inategemea mtu kukiokota alichokipiga. Anayekaa handakini hupata maganda yake yakiwa miguuni, na adui akirudi nyuma hupata na ya adui. Anayepiga na kukimbia huyaacha porini. Kwa jeshi lisiloletewa risasi kutoka popote, kubaki mahali lilikuwa suala la maghala kabla halijawa suala la ujasiri.

Mapigano yenyewe yalichukua siku tatu, tarehe 9 hadi 11 Novemba. Huko Dalahican watu wa Noveleta chini ya Santiago Álvarez walizuia mashambulizi yaliyorudiwa kupitia shingo ile nyembamba. Huko Binakayan Wahispania walifanikiwa kuingia katika sehemu ya mahandaki kabla watu wa Aguinaldo hawajawatoa. Candido Tirona, mkuu wa mambo ya vita upande wa Aguinaldo, aliuawa tarehe 10. Hesabu za waliokufa zilizotolewa na pande mbili haziko karibu hata kidogo, na anayejenga hoja juu ya namba hizo anajenga juu ya majigambo. Matokeo lakini hayabishaniwi: njia zote mbili zilibaki zimezibwa, na Blanco hakujaribu tena.

Sasa upande wa pili. Wakosoaji wanasema nusu ya ushindi ule ilitoka kwa Blanco mwenyewe. Alishambulia uso kwa uso, kwenye ardhi finyu na yenye tope, mahali ambapo mlinzi alimtarajia. Hilo ni kweli, na ubaya wa ushindi wa namna hiyo ni kwamba unafundisha vibaya. Bandari ya Cavite, pamoja na karakana yake, ilibaki kwa Wahispania. Waliorudi nyuma hawakufuatwa mbali. Wengine huongeza kwamba Aguinaldo angepaswa kuivamia bandari siku ile ile; hapo wanapitiliza. Kupita shingo ya Dalahican kwa mapanga, mbele ya kuta za ngome na mizinga ya meli, kungekuwa ni kulirudia kosa la Blanco kwa kugeuza uelekeo.

Hoja yao yenye nguvu ni kalenda ya mwaka uliofuata. Blanco aliondolewa Desemba 1896, akaja Camilo de Polavieja, na kufikia mapema 1897 askari takriban 25,000 walikuwa wameletwa kutoka Hispania, vikosi vipya vikiwa na bunduki za Mauser za risasi tano. Polavieja alingoja kiangazi. Mashamba yalikuwa yamevunwa na kukauka, kwa hiyo askari na mizinga midogo waliweza kutembea nje ya barabara. Tarehe 17 Februari Wafilipino walizuia shambulio kwenye daraja la Zapote, upande wa kaskazini, na Evangelista aliuawa hapo. Siku mbili tu baadaye, tarehe 19, Lachambre aliuteka mji wa Silang kutokea upande wa Laguna, yaani mgongoni. Dasmariñas ikafuata Februari hiyo hiyo, Imus tarehe 25 Machi, San Francisco de Malabon mwanzoni mwa Aprili. Zapote palishikiliwa kwa mtindo wa Binakayan na palishikiliwa vizuri. Haikusaidia kitu, kwa kuwa vita halisi ilikuwa inapita kwingine.

Kasoro ya handaki ni kwamba lina uso na halina mgongo. Likipitwa ubavuni, waliomo wanageuka walengwa. Dawa inajulikana: kikosi cha akiba kinachokaa nyuma bila kupangiwa handaki, tayari kukimbizwa penye ufa, na amri moja ya kukituma. Cavite haikuwa na amri moja. Ilikuwa na mabaraza mawili ya Katipunan, Magdalo la Kawit na Imus, na Magdiwang la Noveleta, kila moja na mawaziri wake na miji yake. Mnamo Novemba mgawanyo huo haukuuma, kwani Magdiwang walilinda Dalahican, Magdalo wakalinda Binakayan, na adui aligonga milango yote miwili. Adui alipochagua kuingia kwa miji ya Magdalo peke yake, mgawanyo ukawa ufa. Tarehe 22 Machi, Lachambre akiwa ameukaribia Imus, viongozi walikutana Tejeros kugombania nani awe rais. Aguinaldo alichaguliwa akiwa vitani Pasong Santol. Alipoondoka kwenda kuapa, kaka yake Crispulo alishika nafasi yake na akafia hapo. Bonifacio aliyakataa matokeo, na tarehe 10 Mei aliuawa kwa amri ya serikali mpya.

Je, mbinu ya kuvizia na kutoweka ingefaa zaidi tangu mwanzo? Anayesema hivyo hutaja Puray, ambako tarehe 14 Juni 1897 Aguinaldo, akiwa ameshatoroka Cavite, aliwapiga Wahispania milimani. Ila Puray ni milima. Ardhi kati ya Kawit na Imus ni tambarare ya mpunga, nyingi yake ikiwa mashamba makubwa ya mashirika ya mapadre, na hakuna msitu wa kumeza watu elfu. Tena vita vya kuvizia visingelinda familia wala karakana ya Paua. Matangazo ya Aguinaldo ya tarehe 31 Oktoba 1896, yaliyodai uhuru na kupendekeza serikali ya mapinduzi, yalihitaji eneo la kusimamia ili yasiwe makaratasi. Binakayan ndiyo iliyolilinda eneo hilo.

Kuhusu siasa, wanaosema Binakayan ilimwangusha Blanco wanaongeza chumvi kidogo. Mapadre na Wahispania wa Manila walimlaumu kuwa mpole tangu uasi ulipozuka. Kushindwa kwake kuliwapa silaha, lakini mshale ulikuwa upindeni tayari. Na aliyemfuata alikuwa mkali zaidi: José Rizal, mwandishi mzalendo wa Kifilipino, alipigwa risasi tarehe 30 Desemba, chini ya Polavieja. Atakayeuhesabu uhamisho wa Blanco kama faida ya vita ile auhesabu na ukali huo.

Kwa maoni yangu mahandaki yalikuwa sahihi Novemba, na sioni kingine ambacho jeshi lenye maganda ya kuokota lingeweza kufanya. Lawama iende kwa siku zisizopungua 90 zilizofuata. Silang ilijulikana kuwa njia, kiangazi kilijulikana kuwa kinakuja, na meli zilizoleta askari Manila hazikuwa siri. Nguvu iliyokuwapo ilitumika kuchimba zaidi na kubishana zaidi. Hata akiba nzuri isingewazuia askari 25,000 milele, lakini ingewachelewesha kuelekea masika, na mashamba yangejaa maji tena.

Desemba 1897 Aguinaldo alikubali mapatano ya Biak-na-Bato ya kusimamisha vita na Wahispania, na kwenda Hong Kong. Aliporudi 1898 na baadaye kupigana na Wamarekani, mahandaki yalirudi naye. Tarehe 13 Juni 1899 Wafilipino walijichimbia tena kwenye daraja la Zapote, wakashindwa. Uamuzi wa kulivunja jeshi la kawaida na kuingia vita vya msituni ulifikiwa Bayambang, Novemba 1899, wakati sehemu ya kati ya Luzon, kisiwa kikuu cha Ufilipino, ilikuwa karibu yote imekwisha kutekwa.