Binti wa miaka 16 akaulize wapi?

Utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 22 ya wasichana wa Tanzania wenye miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshapata ujauzito. Miaka saba nyuma walikuwa asilimia 27, kwa hiyo wapo wanaosema mambo yanakwenda vizuri. Waende mkoa wa Songwe. Huko ni asilimia 45. Waketishe wasichana kumi wa rika hilo kwenye benchi moja, na kwa wastani wanne au watano wameshabeba mimba. Baadhi yao wangekuwa bado shuleni.

Wanaopinga vijana kupewa ushauri wa uzazi wa mpango wana hoja ambayo haifai kubezwa. Kwa sheria zetu, mwanaume anayelala na msichana wa chini ya miaka 18 asiye mkewe amebaka, na tangu 2016 anayempa mwanafunzi mimba anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Je, muuguzi akimchoma binti huyo sindano ya kuzuia mimba, hajamsitiri mhalifu? Swali zito, na mzazi ana haki ya kuliuliza.

Ila mhalifu huyo hafichuki kwa binti kufukuzwa zahanati. Chumba cha ushauri huenda ndicho mahali pekee ambapo mtu mzima atamuuliza kwa upole: ni nani, ana umri gani, ulikuwa umeridhia? Akifungiwa mlango huo anakwenda duka la dawa, ananunua vidonge vya kuzuia mimba vya P2, anameza, na baada ya siku chache anarudi tena. Kaunta haimuulizi kitu. Haimwambii kwamba P2 ni ya dharura, ndani ya saa 72 na mapema ndiyo bora, kwamba anayeitegemea kila mara haimkingi kama sindano au kijiti kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono, wala kwamba haizuii VVU.

Halafu kuna ile hofu kwamba njia hizi huharibu kizazi, ambayo kina mama wengi wanaiamini kwa dhati. Ni kweli sindano huweza kuchelewesha mimba kwa miezi kadhaa baada ya kuiacha, na binti aambiwe hivyo. Kijiti kikitolewa, uwezo wa kushika mimba hurudi upesi. Shirika la Afya Duniani halihesabu umri mdogo peke yake kuwa sababu ya kumnyima mtu njia yoyote. Kinachomuumiza binti ni mimba ya mapema: uchungu pingamizi, fistula inayomfanya avujwe na mkojo au kinyesi, na kifafa cha mimba.

Kujizuia kufundishwe, msikitini, kanisani na nyumbani. Sioni ugomvi hapo. Lakini tangu 2019 kijana wa miaka 15 anaruhusiwa kupima VVU bila idhini ya mzazi, na tangu waraka wa elimu wa 2021 binti aliyejifungua anaruhusiwa kurudi darasani. Tumekubali kumpokea baada ya mimba, ila kabla yake tunamnyamazia.

Miongozo ya uzazi wa mpango haidai mtu awe ameolewa au amezaa. Anayedai ni mhudumu dirishani: “Umeolewa? Una watoto wangapi?”, jirani wa mama yake akiwa foleni moja naye. Kila zahanati ya Songwe itenge saa za vijana, jioni au Jumamosi, na muuguzi aliyefunzwa kuzungumza nao faragha.