Mkikataza nanga, wekeni maboya

Msongamano wa vyombo ufukweni Mtwara ukizungumzwa, dawa inayotajwa haraka ni sheria ndogo ya kukataza kutia nanga. Njia ya kivuko cha Msanga Mkuu na ya meli ziingiazo bandarini lazima ziwe wazi, hilo sibishi. Ila katazo lisilomwambia nahodha aende wapi linamsukuma kwenye matumbawe na nyasi bahari, mazalia yenyewe ya samaki.

Tupige hesabu. Mashua ya mita 9 imetia nanga kwenye maji ya mita 3, yamekupwa. Wakati wa bamvua, yaani maji makuu, maji hupanda mita 3 hivi. Ongeza mita 1 kutoka usawa wa maji hadi omo, mbele ya chombo kamba inapofungwa, unapata 7. Amari ya kamba, yaani kamba inayoshika nanga, inataka urefu wa walau mara 5 ya hapo, yaani mita 35. Aliyefungua mita 15 kwa kuangalia maji ya kupwa ataona chombo kimetulia. Maji yakijaa kamba inasimama, shina la nanga, yaani mpini wake, linainuliwa na nanga inaanza kuburura.

Lakini kila mashua ikifungua mita 35, kila moja inahitaji duara la upana wa karibu mita 90. Nafasi hiyo haipo. Na vyombo havizunguki sawasawa: jahazi lililozama sana hufuata mkondo, boti nyepesi hufuata upepo, hivyo kusi likivuma kinyume cha maji vinagongana hata kamba zikilingana.

Ndiyo maana nasisitiza maboya ya kudumu, yanayoshikwa na mnyororo uliofungwa kwenye zege chini ya bahari, ili chombo kifungwe hapo badala ya kutia nanga. Mnyororo mzito unaolala chini hutosha ukiwa na urefu wa mara mbili ya kina cha maji yaliyojaa, na duara hupungua kwa nusu. Fundi asidanganyike na uzito wa nchi kavu: zege la kilo 1,000 likizama hubaki na uzito wa kilo 570 hivi.

Manispaa ya Mtwara-Mikindani ina mamlaka ya kutunga sheria ndogo, lakini eneo la bandari ni la TPA, mamlaka ya bandari, na usalama wa vyombo ni wa TASAC, shirika la uwakala wa meli. Wakae pamoja, na BMU, kikundi cha wavuvi cha kusimamia mwalo, ishike daftari la nani yuko boya lipi.

Suala la taa nalo liandikwe wazi. Wengi wanaamini chombo cha chini ya mita 7 kimesamehewa. Kanuni za kimataifa zinakisamehe kikiwa mbali na njia na maegesho ya vyombo tu. Karibu na kivuko, hata mtumbwi uliotia nanga usiku unadaiwa taa nyeupe inayoonekana pande zote.

Ada ya boya ianze kununua viungio na minyororo. Mnyororo hulika zaidi pale unapoinuka na kugusa mchanga kila mawimbi yakipita, kwa hiyo mzamiaji aukague kila miezi sita, na pete iliyobaki nusu ya unene wake ibadilishwe siku hiyohiyo.