Kushusha grafiksi peke yake hakutoshi: chaji ya laptopu inaliwa wapi?

Ukipita jioni kwenye vimbweta vya Chuo Kikuu cha Dodoma utaona laptopu nyingi kuliko soketi. Waliowahi wamekaa karibu na ukuta wenye umeme, waliobaki wanaichungulia alama ya betri kila baada ya dakika chache. Hapo ndipo ushauri mmoja unapopita kutoka mdomo hadi mdomo, na mafundi wa mjini nao huutoa mteja akilalamika: "Mdogo wangu, shusha grafiksi, chaji itakaa." Yaani punguza ubora wa picha kompyuta inayochora.

Ushauri huo una ukweli, lakini umekatwa nusu, na nusu iliyobaki imewapotezea watu muda mwingi. Nimeona kijana ameshusha kila kitu kwenye gemu lake, vivuli, maji, majani ya miti, hadi picha haivutii tena kuitazama, na betri ikaisha muda uleule wa jana. Akahitimisha kwamba mipangilio ya grafiksi haina uhusiano wowote na chaji. Hitimisho lake lilikuwa la kimakosa, ila ushauri aliopewa ndio uliomfikisha hapo.

Tuanze na hesabu, kwa sababu bila hesabu mjadala huu hauna mwisho. Betri ya laptopu hupimwa kwa wati-saa, na nyingi za kawaida zina kati ya 40 na 60. Chukua betri nzima ya wati-saa 50. Ukiandika ripoti kwenye laptopu inayokula wati 8, una saa 6 na robo. Ikila wati 15, umebaki na saa 3 na dakika 20. Ukifungua gemu zito likavuta wati 55, hufikishi hata saa moja. Betri ni ileile, mtumiaji ni yuleyule; kilichobadilika ni wati.

Wati hizo zinaenda wapi? Laptopu nyingi zinazouzwa kama za "gemu" au za "kazi nzito" zina vichakataji viwili vya grafiksi. Kimoja kimo ndani ya prosesa yenyewe, kinatumia RAM ya kompyuta na hakili sana. Kingine ni kadi ya pekee, yenye kumbukumbu yake na njaa yake. Zamani ulilazimika kuchagua kimoja kwa mkono, lakini mwaka 2010 kampuni ya NVIDIA ilileta teknolojia ya Optimus, inayoiacha kadi kubwa ilale na kuamshwa pale tu programu inapoihitaji. Kwa nadharia tatizo lilikwisha hapo.

Kwa vitendo, kadi hiyo huamshwa na mambo ambayo mwenye laptopu hayajui. Programu fulani iliyoachwa wazi nyuma. Kivinjari kilichopangiwa kutumia grafiksi ya nguvu. Hata projekta: katika laptopu nyingi za aina hii tundu la HDMI limeunganishwa moja kwa moja na kadi kubwa, kwa hiyo ukichomeka waya, kadi inaamka na kubaki macho hata kama unaonyesha maandishi matupu. Mwalimu wa kijijini Kondoa anayefundishia projekta kwa umeme wa sola, huku laptopu ikitegemea betri yake, atashangaa kipindi cha pili kinamkatikia katikati ingawa hajafungua kitu chochote kizito. Kadi iliyo macho, hata bila kazi ya maana, inaweza kuongeza wati kadhaa. Rudi kwenye hesabu yetu: kutoka wati 8 hadi 15 ndiko kunakopotezea saa zako tatu.

Kwa hiyo upande wa wanaosema "punguza" una hoja nzito. Hata fizikia iko nao. Nguvu inayotumiwa na chipu inapofanya kazi hutegemea kasi yake, na hutegemea volteji mara mbili, yaani volteji kuzidishwa kwa yenyewe. Ukishusha kasi na volteji zote kwa asilimia 20, matumizi ya kazi hiyo hushuka karibu nusu, kwa sababu 0.8 mara 0.8 mara 0.8 ni takribani 0.51. Unapoteza kasi kidogo, unaokoa umeme mwingi.

Na kuna joto, ambalo kwetu Dodoma halistahili kutajwa kwa mkato. Miezi ya Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijaanza, jua linachoma, upepo umebeba vumbi, na vumbi hilo linaishia kwenye feni ya laptopu. Kadi kubwa ikifanya kazi ndani ya boksi lililoziba, joto linahamia kwenye betri iliyo sentimita chache tu kutoka hapo. Betri za lithiamu hazipendi joto: huzeeka haraka, na zaidi zikikaa zimejaa asilimia 100 huku zimepashwa moto. Watu huchanganya mambo mawili hapa, chaji kudumu leo na betri kudumu miaka. Anayecheza gemu zito kila usiku akiwa amechomeka chaja karibu hatumii chaji, na bado anaifupisha betri yake. Akiona baada ya mwaka laptopu inazima ghafla umeme ukikatika, huenda sababu ni zile saa za moto ambazo hakuzihesabu kama matumizi.

Sasa nusu iliyokatwa. Kwa nini yule kijana alishusha kila kitu asipate kitu? Kwa sababu kadi ya grafiksi haina desturi ya kupumzika ukiirahisishia kazi. Gemu likiwa kwenye mipangilio ya juu, kadi yake labda ilikuwa inatoa fremu, yaani picha moja moja, 40 kwa sekunde ikiwa imejikaza kabisa. Aliposhusha vivuli na majani, kila fremu ikawa rahisi, nayo kadi ikatoa fremu 110 kwa sekunde, bado imejikaza kabisa. Jasho ni lilelile. Kioo chake ni cha kuonyesha picha 60 kwa sekunde, kwa hiyo fremu zaidi ya hapo zilitengenezwa, zikala betri, na macho yake hayakupata faida ya kulingana na gharama.

Angefanya jambo moja zaidi tu: kuweka kikomo cha fremu. Magemu mengi yana mahali pa kuweka 30 au 60, na programu za NVIDIA na AMD zina kikomo chao pia. Ukiweka 30 na mipangilio ya chini, kadi inamaliza fremu mapema, inapumzika kabla ya inayofuata, kasi na volteji vinashuka, feni inatulia. Hapo ndipo kushusha grafiksi kunapolipa. Nikilazimika kuchagua kati ya picha nzuri yenye kikomo cha fremu 30 na picha mbaya isiyo na kikomo, kwa ajili ya betri nachagua ya kwanza bila kusita. Ni jambo dogo, na linaniuma kwamba halitajwi pale ushauri unapotolewa.

Upande wa pili nao usikilizwe, maana mara nyingi huchukuliwa kuwa wa wacheza gemu wasio na shughuli. Mfikirie mhariri wa video za harusi. Dodoma ya leo ina sendofu na harusi kila wikiendi, na mteja anataka klipu fupi ya kurusha mitandaoni kabla hata maturubai hayajashushwa. Mhariri huyu amenunua laptopu yenye kadi kubwa kwa fedha yake ya jasho. Ukimwambia azime kadi ili abane betri, anaweza kukuuliza swali lenye hesabu: nikitoa video, yaani kuikamilisha iwe faili la kumpa mteja, kwa kadi, tuseme laptopu inakula wati 55 kwa dakika 40, jumla takribani wati-saa 37. Nikiitoa kwa grafiksi ndogo, ile iliyo ndani ya prosesa, tuseme inakula wati 28 lakini inachukua dakika 110, jumla zaidi ya wati-saa 51. Nani amebana?

Yuko sahihi. Mwenye mbio kubwa akimaliza mapema na kulala anaweza kula kidogo kuliko anayejikokota kutwa nzima. Kwa kazi yenye mwanzo na mwisho, kama kutoa video, kuchora ramani kubwa kwenye QGIS au kukamilisha picha ya jengo kwenye Blender, kinachohesabiwa ni jumla ya wati-saa hadi kazi iishe. Gemu ni tofauti, halina mwisho wa aina hiyo. Kadi ikiwa na kasi zaidi, gemu linaomba fremu zaidi. Ndiyo maana siwezi kumpa mhariri na mchezaji jibu moja.

Hata hivyo hoja ya mhariri ina mpaka wake. Betri yenyewe haiwezi kusukuma umeme kama chaja ya wati 150 au 180, kwa hiyo watengenezaji huibana kadi pindi tu chaja inapochomolewa. Zile dakika 40 alizozizoea akiwa mezani zinaweza kurefuka sana akiwa kwenye betri, na faida yake ikapungua au ikatoweka. Aipime kwenye mashine yake mwenyewe: video moja fupi, mara moja kwa kila njia, aangalie asilimia zilizoliwa. Ni kazi ya nusu siku, na jibu lake litamfaa kwa miaka.

Kuna ushauri mwingine unaotembea sambamba na huu, nao naupinga moja kwa moja: kuzima usaidizi wa grafiksi kwenye kivinjari ili "GPU isile chaji", GPU ikiwa ni kichakataji cha grafiksi. Kwa anayetazama mihadhara ya video, huko ni kujiumiza. Ndani ya grafiksi ndogo kuna sehemu maalumu ya kufungua video, na inafanya kazi hiyo kwa umeme kidogo sana. Ukiizima, kazi inaangukia kwenye prosesa, feni inaanza kuvuma, na chaji inakwenda. Tatizo la kweli liko kwingine. Laptopu nyingi tunazonunua ni zilizotumika, za kutoka nje, na sehemu hiyo haielewi miundo mipya ya video. Kwa upande wa Intel, kizazi cha saba cha prosesa zake ndicho kilichoanza kuufungua kikamilifu muundo wa VP9, na AV1 ilikuja na kizazi cha kumi na moja, mwaka 2020. Mwenye kizazi cha sita akitazama video ya AV1, prosesa yake ndiyo inayobeba mzigo wote. Dawa nyepesi ni kushusha video hadi 480, na hapo anaokoa betri na bando kwa pamoja. Mhadhiri anayeandika fomula ubaoni anaonekana vizuri kwa 480.

Kioo hakipaswi kusahauliwa, ingawa si grafiksi kwa maana kamili. Anayesoma nje chini ya mwarobaini saa nane mchana hupandisha mwangaza hadi mwisho, na wati kadhaa huishia hapo. Kwa kazi nyepesi, kioo kinaweza kuwa mlaji mkuu kuliko chipu yoyote. Kama kioo chako kinakwenda picha 144 kwa sekunde, kirudishe 60 ukiwa kwenye betri. Mandhari meusi husaidia kwenye vioo vya OLED, ambako nukta nyeusi huzimika. Kwenye LCD taa ya nyuma inawaka vilevile, kwa hiyo macho yako yatapumzika lakini betri haitajua tofauti. Na kuzima vile vivuli na madirisha ya Windows yanayopitisha mwanga, faida yake ni ndogo mno kuipotezea jioni.

Msimamo wangu ni huu. Laptopu ikichomolewa chaja, grafiksi ndogo iwe ndiyo ya kawaida, na kadi kubwa iitwe kwa jina. Kwenye Windows hilo linafanyika programu kwa programu: ingia kwenye mipangilio, sehemu ya mfumo, kisha kioo, kisha grafiksi, uipangie kivinjari na programu za kuandikia njia ya kubana umeme, na ile ya kuhariri video uipe nguvu. Wenye mfumo wa Ubuntu na kadi ya NVIDIA wana amri ya prime-select ya kuchagua grafiksi ipi itumike. Ukitaka kujua nani yuko macho, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, utazame GPU 0 na GPU 1 kwenye ukurasa wa utendaji. Nawaomba pia wauzaji wa laptopu: mtumishi anayefanya kazi Mtumba, kwenye mji wa serikali hapa Dodoma, ambaye kutwa yake ni barua na majedwali, msimuuzie kadi kubwa kwa maneno kwamba "ina nguvu". Mwambieni na bei yake kwenye betri.

Kabla ya yote hayo, fungua dirisha la amri (Command Prompt) uandike powercfg /batteryreport. Windows itakutengenezea ripoti yenye namba mbili za kulinganisha: uwezo betri ilioumbiwa na uwezo ilionao leo inapojaa. Ikiwa ya kwanza ni wati-saa 50 na ya pili ni 19, hakuna mpangilio wa grafiksi utakaokurudishia zile 31. Hiyo betri imekwisha, na fedha yako iende kwenye betri mpya.