Fotoni ni uamuzi wa atomu au wa chumba?

Mwalimu mwenzangu wa fizikia hapa Nyamagana, Mwanza, anashikilia kwamba kasi ya atomu iliyosisimka (iliyoongezewa nishati) kutoa fotoni, yaani chembe ya mwanga, ni mali ya atomu yenyewe, kama ilivyo idadi ya protoni zake. Ana msingi. Mwaka 1917 Einstein aliingiza kwenye hesabu zake kiwango cha atomu kutoa mwanga bila kuchochewa, na wanaosoma mwanga wa nyota wanakitegemea hadi leo.

Lakini kiwango hicho ni cha atomu iliyo mahali pa wazi. Fotoni hutoka pale tu penye wimbi la masafa yake (idadi ya mitikisiko kwa sekunde) la kuipokea, na kuta ndizo zinazoamua mawimbi gani yawepo. Mwanafizikia Mmarekani Edward Purcell alilieleza hilo mwaka 1946. Mwaka 1983 kundi la mwanafizikia Serge Haroche, Paris, likaonyesha atomu za sodiamu zikitoa fotoni haraka zaidi ndani ya chumba, yaani nafasi ndogo kati ya vioo, kilicholinganishwa na masafa yao. Mwaka 1985 Daniel Kleppner na wenzake wa chuo cha MIT, Marekani, wakafanya kinyume: wakapitisha atomu za metali ya sizi (cesium) kati ya mabamba mawili ya metali yaliyokaribiana kuliko nusu ya urefu wa wimbi. Zikadumu katika msisimko takriban mara 20 zaidi. Mabamba hayakuzigusa! Kwangu ushahidi huu ni mzito mno kuitwa marekebisho madogo.

Ngozi ya ngoma ya Bujora, kituo cha utamaduni wa Wasukuma, ina mlio wake, ila mzinga ndio unaoupa nguvu. Mfano huu nao unafika kikomo, maana mzinga hauirudishii ngozi pigo lake zima. Haroche baadaye aliweka vioo vya metali ya niobi umbali wa sentimita 2.7, katika baridi iliyo chini ya kelvini 1 (karibu nyuzi -272 za Selsiasi). Fotoni ilidumu humo wastani wa sekunde 0.13, muda wa mwanga kusafiri karibu kilomita 40,000. Ndani ya chumba kama hicho atomu inaweza kutoa fotoni, ikaimeza, ikaitoa tena. Kuuliza ni ya nani hapo hakuna maana. Inamilikiwa na wote wawili.

Namkubalia mwenzangu jambo moja zito: bila atomu yenye masafa yake na nguvu yake ya kuungana na wimbi, vioo havitoi chochote. Tena kwenye taa za wavuvi wa dagaa huku ziwani, kuta za kioo ziko mbali mno kulinganisha na urefu wa wimbi, na hazirudishi mwanga vya kutosha. Hapo kanuni yake inatosha. Ubaoni, hata hivyo, ningeandika vipengele vyote viwili, cha atomu na cha mahali.